Kanzu Aliyokataa Kunivua

Wajukuu zangu hawaamini kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiwavunja watu mbavu kutoka Likunja mpaka Nachingwea. Wananitazama na mgongo wangu huu, wanasema, "Bibi, wewe? Mbona hata kucheka hucheki?" Nawaambia waniache nichambue kisamvu changu. Kuchekesha ni kazi kama kulima, na sijaona mtu anayepiga jembe huku anajichekea mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuigiza watu. Sikufundishwa na mtu. Nikimwona mtu anatembea, miguu yangu ilitaka kumfuata. Nilimwigiza bwana shamba anavyoruka madimbwi asichafue viatu, nilimwigiza jumbe akikohoa kabla ya kutoa amri ambayo hakuna atakayeitii, nilimwigiza padri wa misheni na Kimwera chake cha kubahatisha. Kinamama wenzangu wa ngoma waliimba na kucheza, na ngoma ikianza kupoa, natoka mimi nimevaa suruali ya mume wangu, nimejichora masharubu kwa masizi ya chungu. Basi hapo watu hawajiwezi.

Zilikuwa enzi za karanga. Wazungu walikuwa wamefyeka pori la Nachingwea kwa makatapila ili walime karanga mpaka upeo wa macho, na mji ukajaa manamba wa kila kabila, wanaume watupu, mbali na mama zao na wake zao. Watu wa namna hiyo wana njaa ya kucheka kuliko njaa ya nyama. Tulikuwa tunafuatwa na lori huku Likunja, kinamama tunapandishwa na ngoma zetu, tunacheza mpaka sauti zinakauka. Mimi nilikuwa na watoto wawili na mume mpole, na niseme ukweli, nilijiona mtu.

Aliyeniweza alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu kwa mababu. Maana yake kwetu, ananitukana nisikasirike, ananyakua kitoweo changu jikoni nisimshitaki, na mmoja akifiwa, mwenzake ndiye anayekuja kufanya mzaha msibani. Alikuwa mpiga ngoma wetu, mrefu, anaburuta kidogo mguu wa kushoto kwa sababu ya kidonda cha utotoni. Kabla ya kusema neno la kuchekesha alikuwa anakohoa, kikohozi kifupi cha kusafisha koo, na watu walianza kucheka pale pale kabla hajafungua mdomo. Mimi nilihitaji masharubu na suruali. Yeye alihitaji kikohozi tu. Nilimwonea wivu sana kwa hilo.

Aliishi na mama yake, mjane, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Macho ya mama huyo yalikuwa yamepofuka zamani kwa ugonjwa, na katika watoto aliozaa alikuwa amebaki na huyu. Walikuwa na salamu yao. Mtoto akirudi kutoka kokote, anaanza kusema angali njiani, "Mama, njaa imenitangulia." Na mama hujibu kutoka ndani, "Umechelewa, baba. Ugali umepoa." Hata kama ugali ndio kwanza unasongwa, umepoa. Walisema hivyo kwa Kimwera, ila naandika kwa Kiswahili kwa kuwa wajukuu zangu wa mjini hawakijui. Sisi majirani tulikuwa tukisikia salamu hiyo, tunajua jua limekwisha kuelekea kuzama na mwanamume yule amerudi kwao.

Aliniambia siku moja mbele ya watu, "Ukifa wewe, mtani, nitavaa gauni lako nikakae na mumeo, na hataona tofauti ila chakula kitakuwa kitamu." Nikamjibu, "Ukifa wewe, nitavaa kanzu yako nikamalizie ugali wa mama yako, maana wewe unamwibia tu." Mama yake alikuwa amekaa barazani anapepeta ufuta. Akasema, "Semeni vizuri, nyie watoto." Lakini alikuwa anatabasamu.

Nieleze sasa jambo la kuvua, maana bila hilo mtu hataelewa yaliyonipata. Kwetu mtu akifa, baada ya maziko mtani huvaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya wafiwa. Anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anadai chakula chake, anawagombeza walioketi mahali pake. Wafiwa wanacheka huku wanalia, na wakishacheka ndipo wanakubali kula. Mtani naye havui nguo zile kwa hiari yake. Lazima mfiwa mkubwa amtie kitu mkononi, punje za mtama, yai, chochote, na hapo ndipo tunasema amemvua. Asipovuliwa, hata akiziweka nguo kando, amebeba msiba, na mwenye msiba mwilini hakanyagi harusini wala unyagoni. Hatukuwa na hofu na jambo hilo, kwa kuwa ni la kufumba na kufumbua. Mtani anachekesha, anapewa punje zake, anavua, watu wanakula. Sikuwahi kusikia mfiwa aliyekataa.

Masika moja mtani wangu alikwenda Nanganga kupiga ngoma harusini. Aliacha kanzu yake nyumbani, akasema mvua itaiharibu. Alipokuwa akirudi alikuta mto umefura, na wenzake wakamwambia alale upande ule. Hakulala. Mama yake alikuwa peke yake, na yeye alikuwa mbishi. Watu wa bondeni walimkuta kesho yake amekwama kwenye matete, na kwa jinsi mwili ulivyokuwa haukuweza kubebwa mpaka Likunja. Alioshwa, akasaliwa na kuzikwa kule kule, na wanaume wakarudi kwa mama yake mikono mitupu.

Mama hakulia. Alikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, akauliza, "Nani alimshika?" Wanaume walioko nje wakajibu, fulani na fulani. Akauliza tena, "Nani aliuona uso?" Wakamjibu tuliuona, mama, ni yeye. Akasema, "Mimi sikumshika." Baada ya hapo chakula kikiletwa anakisogeza kwa nyuma ya mkono. Walimletea uji, akausogeza. Walimletea maji, akalowesha midomo tu kuwaridhisha.

Mimi nililia, lakini nililia kwenye shamba langu la mihogo, mbali, kwa sababu mtani halii matangani. Nilimpenda mtu yule. Naandika hivyo waziwazi kwa kuwa mume wangu ametangulia, na hata yeye alijua na hakuwa na kinyongo. Halikuwa penzi la kitandani. Alikuwa mtu pekee ninayeweza kumwangalia katikati ya ngoma na akajua nataka kufanya nini kabla sijafanya. Mtu kama huyo ukimpoteza hupati mwingine, na mimi sikupata.

Siku iliyofuata wazee wakanijia. Wakasema, "Mtani, kazi yako imefika. Yule mama atakufa kwa njaa." Nikachukua kanzu yake na kofia yake, nikaenda kujificha nyuma ya nyumba ya jirani nikavaa. Ilikuwa inanuka jasho lake na moshi. Nikajiambia, leo utafanya vizuri kuliko siku zote, hii ni ahadi. Hilo ndilo kosa langu, kama ni kosa. Mtani hutakiwa kutia chumvi: mguu unaoburutwa aburute kupita kiasi, kikohozi akikuze mpaka kiwe kichekesho, ili kila mtu ajue huu ni mzaha. Mimi sikutia chumvi. Nilimtoa vile vile alivyokuwa.

Nikatokea njiani. Nikaburuta mguu kidogo tu. Nikakohoa. Nikasema kwa sauti yake, "Mama, njaa imenitangulia."

Wanaume barazani walianza kucheka, kisha wakakatiza. Halafu nikamwona yule mama anatoka, amejinasua kwenye mikono ya wanawake, anapapasa ukuta, uso wake umefunguka kama wa msichana. Akasema, "Umechelewa, baba. Ugali umepoa. Walikuwa wananiambia maneno ya ajabu hapa."

Nimesimama mbele ya umati wa maelfu Nachingwea, walevi wamenirushia maganda ya ndizi, sijawahi kukosa la kufanya. Siku ile miguu iliota mizizi. Alinifikia, akanishika mabega, akapandisha mikono shingoni, akafika masikioni. Kwenye masikio yangu mna matundu ya vipuli. Vidole vyake vikakaa pale. Niliona uso wake unafunga polepole, na naapa nilitamani ardhi inimeze. Wanawake walianza kulia kwa sauti. Yeye hakulia. Aliniacha masikio, akanishika mkono, akasema, "Kaa ule, baba." Akaketi nami kwenye mkeka, akamega ugali, akanipa tonge, na yeye akala tonge lake la kwanza tangu habari ilipofika.

Wazee wakafurahi kwamba amekula. Mmoja akamwekea mama punje za mtama kiganjani, akamwambia, "Haya, mvue mtani akapumzike." Mama akafungua vidole, punje zikamwagika mkekani. "Simvui," akasema.

Walimbembeleza mpaka wakachoka. Kaka wa marehemu mumewe alimfokea, shangazi wakamwomba. Alijibu neno lile lile. Nikaenda nyumbani na kanzu ile ndani ya kapu.

Nilidhani litaisha wiki hiyo. Nikarudi kwake nikiwa nimevaa kanga zangu, kwa sauti yangu, nikamsalimu, nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa siku ile. Nimekuja univue." Akasema, "Umekula?" Nikasema nimekula. Akageukia ukutani. Jirani yake akaninong'oneza kwamba tangu nilipoondoka hajatia kitu kinywani. Nikarudi kwangu mbio, nikaivaa kanzu, nikaja tena kupitia njiani, nikakohoa. Akala.

Basi ikawa hivyo. Kila nilipopika kwangu mchana, kabla watoto hawajamaliza, naivaa kanzu ile naenda kwa mama kupitia ile njia yake. Sikumdanganya. Siku moja aliniambia mwenyewe, akiwa analamba vidole, "Usidhani nina wazimu. Mimi najua ni wewe, binti wa watu. Mikono yangu inajua. Masikio ndiyo hayajui, na mimi nakaa na masikio siku nzima." Nikamwongezea mboga.

Lori lilikuja kutoka Nachingwea kutuchukua. Kinamama wakapanda, nami nikapanda. Kiongozi wetu wa ngoma, mwanamke niliyecheza naye tangu unyago wetu, akasimama mbele yangu, akasema, "Dada, shuka." Nikamwuliza kwa nini, ingawa nilijua. Akasema, "Hujavuliwa. Tukienda na wewe tunapeleka msiba kwenye furaha ya watu." Nilimtukana matusi ambayo siyaandiki hapa. Kisha nikashuka. Lori likaenda, nikabaki na vumbi na masharubu yangu ya masizi. Baadaye ilikuja harusi kule Mtua, nayo pia hawakunitaka. Wanawake waliokuwa wakinigombania nichekeshe kwenye sherehe zao wakawa wakiniona wanapita upande wa pili.

Nilikwenda kwa mama nikiwa nimefura. Sikuvaa kanzu, sikukohoa. Nikamwambia, "Mama, nivue. Mimi ni mtu wa ngoma. Ukinizuia hapa umenizika pamoja na mwanao." Akasema, "Ngoma yako itakusubiri. Mimi nikikuacha uende, nitasubiriwa na nani?" Nikaondoka nimenuna, nikaapa sirudi. Kesho yake nikarudi. Niliogopa kumsikia amekufa kwa njaa na mimi nikiwa na sauti anayoitaka.

Siku zile nilijifunza mambo ya kazi yangu ambayo umati haukunifundisha. Umati unacheka ukikosea, unacheka ukipatia, mradi umevaa suruali. Mama yule hakucheka hata mara moja. Alikuwa anasikiliza. Nikipandisha sauti kidogo kupita ilivyokuwa, anaacha kutafuna. Nikiburuta mguu kwa uvivu, anainamisha kichwa. Nilifanya bidii mbele ya mwanamke mmoja asiyeona kuliko nilivyofanya mbele ya manamba wote wa Nachingwea, na ujira wangu ulikuwa kumsikia anatafuna. Watoto wangu walikua huku wanamwona mama yao anavaa kanzu ya marehemu kila mchana. Mtoto wangu mkubwa aliniambia anaona haya. Nami niliona haya, lakini nilivaa.

Hata hivyo sauti ya mtu ni kama maji kiganjani. Mwanzo nilipokuwa namwigiza nilikuwa namsikia yeye, kichwani, waziwazi. Misimu ilivyopita nikaanza kuwa namwigiza yule niliyemwigiza jana. Na jana nilimwigiza wa juzi. Nilijua, lakini nilinyamaza, nikatumaini kwamba masikio yake nayo yamezeeka.

Ulikuwa wakati wa kuvuna ufuta. Mama alikuwa barazani, amepepeta kidogo, ufuta uko kwenye ungo mapajani. Nikaja njiani, nikakohoa, nikasema maneno yetu. Hakujibu. Nikasubiri. Akasema, "Kohoa tena." Nikakohoa. "Tena." Nikakohoa. Akatikisa kichwa polepole.

"Mwanangu alikuwa anakohoa kama mtu anayesafisha koo," akasema. "Wewe sasa unakohoa kama mtu anayeigiza."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, "Mama, nitajaribu. Nipe mpaka kesho, nitamkumbuka." Nilikuwa nalia, mimi ambaye miaka yote ile nilikuwa naomba aniache. Akasema, "Hapana. Jana usiku nilijaribu kumsikia yeye, nikakusikia wewe. Kila ukija unamfukuza kidogo. Acha nikuvue angali amebaki kidogo." Akachota ufuta kwenye ungo, akautafuta mkono wangu, akaumimina kiganjani, akanifunga vidole kimoja kimoja. "Nenda, mwanangu," akasema, na sikujua anamwambia nani kati yetu wawili. Nikavua kanzu nikaiacha mapajani pake. Alikula jioni ile. Alikula kidogo, bila sauti ya mtu, na aliendelea kula hivyo.

Nikarudi kwenye ngoma. Lakini Nachingwea tuliyoiacha haikuwepo. Karanga zilikuwa zimeshindikana, Wazungu wengi wamekwisha kuondoka, makatapila yamepelekwa kusikojulikana, na manamba wamerudi kwao. Tulicheza mbele ya mabanda matupu yaliyoota majani mlangoni, kwa watu wachache waliobaki na wake zao. Wenye nafasi walikuwa wakicheza santuri. Ngoma haikunisubiri, na simlaumu mama, maana naye alidhani ingenisubiri.

Na lilinipata jingine. Tulialikwa Mtua, nikatoka na suruali yangu na masharubu yangu kumwigiza bwana shamba. Watu walicheka, lakini kwa kujikaza. Kiongozi wetu aliniita kando, akaniuliza kwa upole, "Dada, bwana shamba ameanza lini kuchechemea?" Nikajiangalia. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta. Nilimwigiza jumbe, akaburuta. Padri naye akaburuta. Kila niliyemvaa alikuwa anatembea kwa mguu ule. Nilicheza misimu michache zaidi, nikaacha.

Mama alikufa kiangazi kimoja mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, usingizini, hakumsumbua mtu. Maziko yakafanyika, na wazee waliobaki wakanijia. Hawakuhitaji kusema. Nilikuwa mtani wa ukoo ule, na aliyebaki anayejua kazi ile alikuwa mimi. Nikavaa kanga zake. Ndani ya kapu lake niliikuta ile kanzu imekunjwa, nikaiacha ilipo.

Nikasimama mlangoni pake, mkono mmoja ukutani, kama alivyokuwa anasimama. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Safari hii nilitia chumvi kama inavyotakiwa. Niliinamisha kichwa nikasikiliza njia, nikakunja uso kama mtu aliyechoka kusubiri, nikasema kwa sauti yake, "Umechelewa, baba. Ugali umepoa."

Walicheka. Sijawahi kuwachekesha watu wa Likunja vile, hata nikiwa kijana. Wanawake waliangukiana mabegani, wazee wakafuta machozi, maana kila mtu alikuwa amewahi kuyasikia maneno yale jioni. Kicheko kikapanda, kikashuka, kikaisha. Nami nikabaki pale mlangoni nimenyoosha shingo kuelekea njiani, nasubiri kikohozi. Nilijua hakuna wa kukohoa. Nilijua hata mimi siwezi tena. Watoto wakaanza kuulizana bibi anamngoja nani.

Mpwa wa marehemu, kijana aliyekuja kutoka mbali na aliyetaka kuondoka mapema, akanisogelea akanitia korosho mkononi. "Haya, mama," akasema, "vua, ili watu wale." Nikafunga vidole juu ya korosho zile, nikasikiliza njia kidogo tena, kisha nikavua.